Fundi Nisaidie: pini ya bibi, nyota za nahodha na simu iliyolala baharini

Haya jamani tumerudi. Barua za mwezi huu nyingi, na zingine zimekuja kwa voisi ndefundefu, kuna mmoja kanitumia dakika 11 nzima na punda analia nyuma, nimesikiliza yote mpaka mwisho. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi ni fundi simu hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kibanda changu kiko njia ya ndani Langoni, natengeneza skrini, mlango wa chaji, betri, spika zilizoingia mchanga, na siku hizi nimekuwa kama kadhi manake mtu haleti simu peke yake, analeta na ugomvi wa nyumbani. Nimechagua sita. Majina nimeyatoa na waliopiga porojo nimewafupisha, mniwie radhi.

*

Salaam aleikum fundi. Mimi ni bibi wa miaka 70 na kitu, nauza mikate ya mofa na mahamri hapa Langoni. Anayeandika ni mtoto wa jirani, mimi herufi za kizungu sizijui, nimesoma chuoni tu, chuo cha Kurani. Wateja siku hizi hawashiki shilingi, wote ni "bibi nikutumie", basi mjukuu wangu ndiye anayenishikia simu na pini anaijua yeye, mimi siijui. Nina kitabu changu naandika mauzo kila siku na hakipatani na anayonambia. Mara pungufu 200, mara 300, wiki iliyopita 1,000 kamili. Nikimuuliza ananambia ni makato. Sitaki kumgombeza, ndiye niliyebaki naye. Je ni makato kweli? Na mzee kama mimi nitajifunza nini sasa?
Bibi wa mofa, Langoni

Waaleikum salaam bibi, shikamoo.

Kwanza makato. Mteja akikutumia kwa M-Pesa anayekatwa ni yeye, wewe unayepokea hukatwi hata ndururu. Utakatwa siku unayokwenda kutoa kwa ajenti, au ukimtumia mtu mwingine, na kwa pesa za mikate makato hayo ni shilingi makumi, hayafiki mamia. Kwa hivyo jibu la mjukuu halijatimia. Lakini bibi usikimbilie kusema mwizi, manake kuna jambo la pili nimeliona sana hapa kibandani: laini ikishachukuliwa Fuliza, yaani ule mkopo wa kumalizia pesa zilizopungua, kila shilingi inayoingia inaliwa na deni kwanza. Inawezekana kijana alijikopa mara moja kwa laini yako, akaona haya kukwambia, na tangu hapo mikate yako inalipa polepole. Mwambie mtoto huyo huyo anayekuandikia abonyeze *334#, aingie penye akaunti, aombe taarifa fupi ya miamala, akusomee mstari kwa mstari na wewe kitabu chako mkononi. Kama ni Fuliza itaonekana, na kama kuna jina la mtu aliyetumiwa litaonekana pia.

Sasa nije kwa hili la "sijui kusoma" ambalo limenikera kidogo, samahani. Bibi una kitabu cha hesabu! Umekishika kila siku mpaka umemkamata kijana kwa upungufu wa 200, ni wangapi hapa mjini wenye digrii wanajua jana walitumia ngapi? Wewe unasoma na kuandika, ila umeandika kwa herufi za kiarabu, na shida yako kwa simu ni ndogo kuliko unavyodhani, ntakwambia iko wapi hasa. Moja yako na moja ya simu ni ile ile. Tisa yako na tisa ya simu ni ile ile. Kumbe ni nane tu za kujifunza, na kati ya hizo nane za kuogopa ni mbili. Tano yako ni kiduara, na kiduara hicho kwenye simu ni sufuri. Sita yako inafanana na saba ya simu. Hapo ndipo wazee wengi wa chuoni wanapotuma pesa kwa watu wasiowajua, sio uzee wala ujinga, ni akili mbili zinapigana kwenye kidole kimoja. Mamangu mzazi alinipigia simu mara tatu kwa namba ya mtu wa Voi, mpaka yule bwana wakajuana.

Dawa niliyomfanyia mamangu ni hii. Mtoto amesema simu yako ni kabambe ya kubonyeza, alhamdulillahi, usikubali mtu akubadilishie. Pitisha dole gumba juu ya vibonyezo, katikati kabisa utahisi kidoto kimeinuka, hiyo ni 5. Kidole kikishakaa hapo, juu yake 2, chini yake 8, kushoto 4, kulia 6, na sufuri iko chini ya nane peke yake kama mtoto aliyefukuzwa. Fanya hivo jioni ukingoja unga uumuke, bila kumpigia mtu, siku kumi tu. Macho yakikosea kidole hakitakosea.

Halafu pini. Ni namba nne, usiweke mwaka wa kuzaliwa manake uko kwenye kitambulisho na mjukuu anaujua. Usiiandike nyuma ya simu kama wafanyavyo wengi, mimi naona hizo karatasi kila wiki nikifungua kava. Kubadilisha ni huko huko penye akaunti, na huko huko utapata pa kuchagua Kiswahili ili meseji zije kwa lugha unayoijua. Ukikosea mara kadhaa inajifunga, usishtuke, unapiga huduma kwa wateja na kitambulisho kiko mkononi unafunguliwa.

Na kijana? Usimwambie nimekubadilishia kwa sababu sikuamini. Mwambie fundi wa gazeti kasema kila mwenye laini ajue pini yake, lawama nibebeshe mimi nimezoea. Na kazi ya kukufundisha hizo namba mpe yeye, jioni kwa jioni. Akikataa kukufundisha, hapo bibi ujue jibu lake.

Watu wanapita hapa wanasema oh tumekuwa watumwa wa simu, zamani tulikuwa huru. Mimi kwa ninayoyaona, simu yenyewe haijamfunga mtu. Wanaoteseka ni wale wanaomtegemea yule anayewabonyezea. Mtaona kwa barua zinazofuata.

*

Fundi, niko Barani, Malindi, mstaafu. Stima yetu ni ya tokeni, unalipa kwanza ndipo unapewa namba za kuingiza kwenye mita. Mwanangu akisafiri Mombasa nakaa gizani manake siwezi kuziingiza zile namba, ni nyingi na macho hayana nguvu, wiki iliyopita nimelala giza siku tatu na tokeni nimeshanunuliwa. Tena nataka kuuliza, ule mwaka 2024 tuliambiwa tuingize namba za ziada kabla ya tokeni yenyewe, jirani yangu akasema ni njama ya kutupandishia bei. Ilikuwa nini ile?

Mzee wangu siku tatu giza na tokeni imo mfukoni, pole sana, lakini nimecheka pia. Tokeni ni namba 20, ila usizitazame kama 20. Meseji yenyewe imezikata nnenne, kwa hiyo ni mafungu matano. Unasoma fungu moja kwa sauti, unabonyeza, unatazama kidude kimeandika nini, ndipo unakuja fungu la pili, kama mtoto anavyohifadhi aya. Ukikosea kuna kibonyezo cha kufuta, mita hailipuki, na tokeni iliyokataliwa kwa kukosea haijapotea, unaanza upya. Mwambie mwanao kabla hajapanda matatu akuandikie ile meseji kwa kalamu nzito kwenye kadibodi, herufi kubwa kama ubao wa duka.

Ile ya 2024 haikuwa njama, na ni hadithi nzuri kweli. Mita nyingi za tokeni duniani zinafuata utaratibu mmoja, na ndani yake kila tokeni inapigwa muhuri wa dakika. Hesabu ya dakika ilianza tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa ya kuandika hiyo hesabu inabeba dakika 16,777,216 basi, haiongezi hata moja. Piga hesabu uone, ni miaka 32 kasoro kidogo, ikatua tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita ambayo haijawekwa upya ingezikataa tokeni mpya zote. Zile namba za ziada zilikuwa za kuigeuzia mita saa yake ianze tena, hazikuwa na bei ndani. Yaani mtu alikaa mahali kabla ya 1993 akaona miaka 32 ni mingi, nani atafika huko, na sisi tukafika.

*

Fundi, mimi ni nahodha wa Kizingitini, bahari nimeianza na babangu kabla sijabaleghe. Mwanangu kanunua simu ina ramani ya bahari na kamashine kadogo ka GPS, sasa hajui nyota hata moja, ukimuuliza kibla kiko wapi anatazama mfukoni. Juzi wametoka usiku na wenzake, simu zikafa chaji zote, kamashine nako betri zikaisha, wakazunguka mpaka alfajiri ndipo wakaona nti kavu. Nimemwambia avitupe baharini vyote. Mamake anasema mimi mzee wa zamani. Nani mwenye haki?

Nahodha ntakuudhi kidogo, nistahi. Usitupe.

Nianze na kilichowamalizia chaji, manake hili hata vijana hawalijui. Setilaiti za GPS ziko juu zaidi ya kilomita 20,000, idadi yake ya msingi ni 24, na kila moja imebeba saa sahihi kupita kiasi na kazi yake ni kutangaza tu, saa yangu mimi ni hii, niko hapa. Kimashine cha mwanao kinasikiliza nne au zaidi, kinapima kila tangazo limechelewa kiasi gani njiani, kinapiga hesabu kinajua kiko wapi. Hakitumi chochote, hakitaki bando wala netiwaki. Ndio maana ukitoka nyuma ya Pate netiwaki imekufa lakini kile kidoti cha buluu kinakaa pale pale. Simu yenyewe sasa ndio jinga, ikikosa mnara inautafuta usiku kucha kwa nguvu zake zote, na chaji inakwenda huko. Mwambie wakishavuka mlango wa bahari simu iwekwe hali ya ndege, kwa simu nyingi GPS inaendelea kufanya kazi, na chaji itadumu kuliko wanavyojua. Ramani waishushe wakiwa bara. Pawabanki ndani ya mfuko usioingia maji, betri za akiba za kale kamashine ndani ya chupa iliyofungwa. Simu zote zisiwake pamoja, iwake moja zingine zilale, hii haihitaji fundi lakini naona ndiyo iliyowashinda.

Hapo nimemtetea mtoto, sasa nikutetee wewe. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na chombo kinaitwa kamali, kijibao na uzi wenye mafundo, unang'ata fundo kwa meno, unanyoosha kijibao mbele ya jicho, unapima nyota imepanda kiasi gani juu ya bahari. Mzee uzi na ubao ni teknolojia, na kwa wakati wake ilikuwa kali! Tena kulikuwa na ya kujua kabla hujaishika, manake kamali ilikuwa inaanza na Jaa, ile nyota ya kaskazini, na Jaa wewe unajua kuliko mimi kwamba hapa kwetu haionekani, tuko chini kidogo ya ikweta, mpaka jahazi lipande kaskazini ndipo inachomoza. Mwenye kamali asiyejua hilo angeshikilia ubao wake mpaka asubuhi. Mwanao amepata ubao, elimu ya kabla ya ubao hana, na hiyo huwezi kuilaumu mashine manake iko kwako.

Na usione hivi vyombo vya angani ni mambo ya watu wa mbali. Hapo Ngomeni karibu na Malindi Waitaliano walikuwa wanarusha roketi kutoka jukwaa la baharini, 1967 mpaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, wakarusha setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina Uhuru, nayo ndiyo ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutazama eksirei zinazotoka kwenye nyota. Haikuwa ya GPS, ilikuwa ya kutazama nyota tu kama wewe, ila ina jicho kali.

Kuna utafiti mmoja napenda kuwasimulia wateja. Madereva wa teksi wa London lazima wahifadhi mitaa kama 25,000 kichwani kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2000 mtaalamu Eleanor Maguire na wenzake wakawapiga picha za ubongo, wakakuta sehemu ya nyuma ya kile kipande kinachoshughulika na njia ni kubwa kwao kuliko kwa watu wengine, na aliyeendesha miaka mingi zaidi ilizidi. Kichwa cha mwanao hakijaharibika, hakijapewa kazi.

Mpe kazi basi. Kila safari kabla hajawasha mashine anyooshe mkono, aseme Kizingitini iko huku. Halafu awashe. Akikosa, yeye ndiye anayetumbua samaki siku hiyo. Miezi mitatu ya hivo na mashine inakuwa mwalimu wa kusahihisha, haitakuwa mshipi wa kumvuta.

Na wewe nahodha nawe una deni lako. Ile miamba uliyonayo kichwani, pale unapopatanisha mnara wa msikiti na mnazi fulani ndipo samaki changu wanapolala, haimo kwenye ramani yoyote ya simu. Kaa na mwanao mkipita juu yake, wewe sema hapa, yeye abonyeze aweke alama, na jina unalolitumia wewe aliandike. Uzeeni utamshukuru huyo huyo kamashine.

*

Fundi habari. Mimi ni wa bodaboda Mokowe. Miaka mitatu nyuma nilikwenda saiba moja, duka la intaneti, kufunguliwa akaunti ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kijana akaifungua kwa imeili yake na namba yake ya simu, pasiwadi anayo yeye. Sasa leseni inataka kurinyuiwa, saiba imefungwa, kijana hayuko hewani. Kila nikijaribu naambiwa kitambulisho hiki kina akaunti tayari. Nafanyaje? Askari wako barabarani.

Wewe ni wa nne mwezi huu. Ntakwambia ukweli hata kama wenye saiba watanichukia, kufungulia watu akaunti kwa imeili ya duka ni kazi mbovu, na wengine wanafanya makusudi ili kila mwaka urudi ulipe tena. Ni kama fundi wa milango akutengenezee mlango halafu ufunguo akae nao yeye.

Chukua kitambulisho chako halisi, nenda Huduma Center, waeleze kwamba akaunti ina namba na imeili isiyo yako, waombe wakubadilishie. Usimpe mtu wa njiani akufanyie, utarudi pale pale. Kabla hujaenda uwe na imeili yako mwenyewe, kufungua ni bure na hata hapa kwangu nakuonyesha, lakini utabonyeza wewe, mimi mikono yangu itakuwa mfukoni. Namba ya simu iwe laini iliyosajiliwa kwa jina lako manake zile tarakimu za kuthibitisha zitakuja huko. Ukitaka kujua laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako piga *106#, wengine wamekuta laini wasizozijua wakatoka jasho. Na ujue Kenya kuna sheria ya kulinda taarifa za mtu tangu 2019, taarifa zako zikishikwa na mtu bila ridhaa yako una pa kulalamikia, sio hisani.

Halafu usingoje siku ya mwisho. eCitizen ilianza 2014 na huduma chache, sasa serikali imeingiza huko maelfu, kwa hivyo mlango ni mmoja. Julai 2023 ulipopigwa na wahalifu wa mtandao watu walikaa siku kadhaa leseni haiendi, pasipoti haiendi, mpaka tiketi za treni ya Mombasa zikasumbua. Rinyua leseni mwezi mmoja kabla, halafu iprinti karatasi uweke ndani ya plastiki chini ya kiti cha pikipiki. Simu ikifa mbele ya askari, karatasi haifi.

*

Fundi mwanangu yuko gredi ya 8 hapa Malindi, insha zote anaandikiwa na ile programu ya akili mnemba kwa simu yangu. Mwalimu wa Kiswahili amemrudishia ameandika "hiki si Kiswahili cha mtoto wa Malindi". Nimpokonye simu?

Huyo mwalimu mpelekeeni zawadi. Mamangu, hizi programu, ChatGPT na ndugu zake, zimeshiba maandishi mengi mno na kazi yake ni kukisia neno gani linafuata baada ya neno, basi. Na zimeshiba kizungu zaidi, kwa hivyo Kiswahili chake kimenyooka kama shati la ofisini, hakuna anayeongea hivo Muyeye wala Shella. Tena zinasema uongo bila kupepesa. Nimeiuliza moja kuhusu mji wangu huu, ikanambia kuna barabara ya magari inazunguka mji mkongwe mzima. Amu, mji wa punda!

Kumpokonya hakusaidii, atatumia ya mwenzake. Fanya hivi, jioni mwambie akusimulie insha kwa mdomo kabla hajaandika, wewe unakuna nazi yeye anasimulia. Akishaandika kwa mkono wake, hapo aipe programu imuulize maswali, imtafutie makosa ya tahajia, na yeye abishane nayo. Nimeona watoto wakifurahi sana kuikuta imekosea.

*

Ya mwisho fupi. Fundi simu yangu imeanguka baharini pale gati la Shela, nimeitia kwenye mchele siku mbili, haiwaki. Nifanyeje?
Mpiga makasia

Mchele upike ule. Hata Apple wenyewe 2024 walitoa tamko watu wasitie simu kwenye mchele, vumbi lake linaingia ndani linaongeza tabu, na unyevu hautoki kwa kasi mnayodhani. Kwa maji ya bahari ni baya zaidi manake maji yakishakauka chumvi inabaki, na chumvi inakula shaba ya ndani polepole, siku mbili ulizongoja ndizo zilizokula. Mtu mwingine ikimtokea leo: izime, usiichaji, usiiwashe "kuona tu kama iko hai", toa laini na kava, ilete kwa fundi siku hiyo hiyo ifunguliwe isafishwe. Yako ilete hata hivyo, nitajaribu, lakini sikuahidi.

Na nisikucheke sana manake mimi mwenyewe mwaka jana yangu ilitoka mfuko wa shati nikiinama kwenye boti ya Mokowe, ikapiga mbizi moja safi haikurudi. Namba zote zilikuwa humo, akiba sikuweka, mimi, fundi, ninayewaambia wateja kila siku wekeni akiba. Nimefika Mokowe nimeazima simu ya mtu nimwambie mke wangu asiningoje chakula cha mchana, nimesimama na ile simu mkononi, namba ya mke wangu wa miaka 19 siijui. Namba niliyoikumbuka kwa kichwa ilikuwa moja tu, ya duka la vipuri Mombasa. Nimengoja boti ya kurudi, nimekwenda nyumbani kwa miguu kumwambia, nimemkuta amekasirika na wali umepoa. Sasa namba yake nimeiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa kibanda, ukija utaiona, usiipige.

Barua zaidi nileteeni kibandani au zipitisheni kwa mhariri. Wa punda na voisi ya dakika 11, yako inakuja mwezi ujao, bado naikata.